Vinundu Sita

Nilikuwa juu ya ngazi nikimchonga gamba la mwisho yule dinosau wa saruji, mwindaji wetu wa jangwa la Gobi, Densmaa alipotoka mbio ndani ya jumba la makumbusho. Mkono mmoja ulishika mfupa wa kale wa mnyama huyohuyo aliokuwa akiusafisha, mwingine lile bawa la bata bukini alilorithi kwa mama yake, analopangusia mchanga. Bawa lilikuwa limenyonyolewa.

"Shemeji, shuka."

"Saruji itakauka."

"Iache ikauke. Shuka."

Nikashuka. Akanishika kidole gumba, akakipitisha juu ya mfupa wa mkono wa yule mnyama. Nikahisi vinundu vidogo vimejipanga mstari mmoja. Sita.

"Sasa hapa."

Kidole kikapita kwenye mfupa wa bawa. Vinundu vilevile.

"Hapa ndipo manyoya yanaposhikilia," alisema. "Huyu alikuwa na manyoya, shemeji. Magamba ni mambo ya sinema."

Nikayatazama magamba yangu. Miezi mitatu, gamba moja moja, nikiisimamisha filamu ya madinosau kila dakika ili niige vizuri.

"Umenyonyoa bawa la mama," nikasema.

"Mama angelinyonyoa mwenyewe."

Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na kicheko chake kikaniambukiza.

"Basi manyoya nitambandika," nikasema. "Lakini kimo nimepatia, au siyo? Ananipita mimi kidogo."

Densmaa akashusha kiganja chake polepole, kikapita kifua changu, kikapita mkanda, kikasimama gotini.