Maboksi ya Waya

Klabu yetu ya wapenzi wa kompyuta ilinituma niwahoji wanachama kuhusu kampuni inayotuuzia vifaa kwa posta. Wote waliiponda, isipokuwa rafiki yangu Waya.

"Huduma yao? Haina mfano!"

Nyuma yake maboksi ya kibodi yalirundikana hadi dirishani, utepe wake haujaguswa.

"Sasa mbona hufungui, ndugu yangu?"

"Yule dada anayepokea oda kwa simu huwa anamuulizia mke wangu."

"Shemeji? Si tulimzika mwaka jana?"

"Hajui yeye. Akimuulizia, namjibu hajambo, yuko jikoni."

Nikageuza karatasi ya maswali. Lilibaki swali la mwisho: utaagiza tena?

Waya alikuwa ameshanyanyua simu.