Korongo na Mlango wa Udongo

Safarini niliwahi kumkaripia mzee mmoja, mbele ya wageni wote, kwa kumtumikisha mkewe jikoni. Kumbe mgahawa ni wa huyo mama, na mzee ndiye aliyeajiriwa. Nilimaliza wali wangu bila kuinua kichwa, nikamkumbuka Korongo, yule ndege wa hadithi.

Korongo alikuwa amezunguka nchi nyingi, akajua familia za watu kuliko wenyewe. Siku moja alimkuta Hondohondo dume akimlisha mkewe kupitia ufa mwembamba kwenye shina la mti. Tundu lote lilikuwa limezibwa kwa udongo.

"Huna haya?" Korongo akafoka. "Familia ndiyo hiyo! Mmoja bwana, mwingine mfungwa!"

"Mgeni wangu, mimi mleta chakula tu," dume akajibu, akaruka kwenda kutafuta tini.

Huku nyuma Korongo akaudonoa udongo mpaka ukabomoka. "Toka, dada yangu, uko huru!"

Kabla dada hajajibu, Nyoka, aliyekuwa akiukodolea macho ule ufa wiki nzima, akapenyeza kichwa. Hondohondo jike akamdonoa jicho, akamdonoa tena, mpaka Nyoka akaporomoka na kutokomea majanini. Mayai matatu aliyokuwa akiyaatamia yakasalimika, lakini mlango ulikuwa wazi.

Korongo akachungulia ndani. "Pole sana, dada. Sasa ni nani aliyekufungia humu?"

"Nilijifungia mwenyewe," jike akasema. "Acha hotuba, kalete tope."