Kilima cha Pili

Kilima cha pili kilipokaa mahali pake kwenye kompyuta, mpimaji wa dawa aliondoa mikono kwenye kibodi.

Alikuwa akitunga programu ya kuwafundishia wanagenzi. Mashine ya maabara yao huchanganua dawa na kuchora kilima chenye umbo la kengele kwa kila kitu kilichomo, kila kimoja mahali pake. Naye alitaka kompyuta iige vilima hivyo kwa hesabu. Kwa majaribio akachukua mchoro wa dawa ya kikohozi ya watoto, aliyoipitisha kwa sahihi yake wiki iliyopita. Kilima chake kilikuwa na mkia kidogo upande wa kulia. Siku ile alijisemea kuwa mashine imezeeka.

Lakini kengele moja ilikataa katakata kuufuata mchoro ule. Alipoongeza ya pili, ndogo, iliyojibanza nyuma ya kubwa, mistari ikalaliana hata unywele usingepita. Na mahali ilipokaa ile ndogo palikuwa pa sumu anayoijua kwa jina.

Akampigia dada yake, akakosea namba mara mbili.

"Dada, ile dawa niliyokwambia umnunulie mtoto..."

"We acha tu!" dada alicheka. "Mwanangu anakushukuru. Wiki nzima hatukulala kwa kikohozi chake, leo kimya. Nimemwongeza kijiko, kalala fofofo tangu asubuhi."

"Mwamshe."

"Nimwamshe nini, na ndiyo kwanza tunapumua?"

"Mwamshe, dada yangu, nakuomba! Mwite jina lake!"

Simu ikawekwa mezani. Mpimaji akasikia kandambili zikienda chumbani, kisha mlango, kisha jina la mtoto likiitwa, mara ya kwanza kwa upole.