Kayamba Jukwaani

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanasha ni vidole gumba vya mama yake. Viligonga kayamba kwa wepesi ule ule wa harusini, ila leo mama alikuwa jukwaani na bendi ya jazi, katika klabu ya Diani ambako Mwanasha hukusanya vyombo mezani.

Kiongozi wa bendi alikuwa amemsikia harusini Msambweni, akamwalika.

"Huyu bibi ataiweza jazi kweli?" mhudumu mwenzake Mwanasha alicheka. "Si atasinzia katikati ya wimbo!"

Mwanasha aliinamia trei yake. Hakuna aliyejua pale kwamba yule ni mama yake.

Mara saksafoni ikanyamaza, na gitaa, na dramu. Ndivyo wafanyavyo watu wa jazi: humwachia mmoja uwanja apige peke yake. Lakini kwa wapiga kayamba wa harusini, wenzako wakinyamaza, ngoma imekwisha. Na mama hakuwa ameambiwa.

Vidole vikapunguza mwendo. Mama akatazama huku na huku, akaanza kulishusha kayamba mapajani.

"Si nilisema?" mhudumu akaguna.

Mwanasha, ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, akaweka trei chini.

"Usiache!" alipaza sauti hadi wageni wakageuka. "Wamenyamaza wakusikilize wewe!"

Kayamba likapanda tena, likavuma peke yake klabu nzima.

Mhudumu alimkodolea macho. "Kwani unamjua?"

"Huyo ndiye mama yangu mzazi."