Gari Juu ya Matofali

Consolée alikuwa kwenye kilomita themanini kwa saa, na chini ya gari kuku watatu walikuwa wamelala.

"Ng'ombe mbele," Twahiru akamwambia.

Consolée akapunguza mwendo. Twahiru, aliyekaa pembeni yake, naye akapunguza mngurumo, kwa sababu injini ilikuwa yeye. Ile ya kweli iliuzwa zamani, na magurudumu pia, na hiyo Peugeot ilikuwa imekaa juu ya matofali katika ua wa mama yake, mtaani Buyenzi, kama mgonjwa aliyezoea kitanda. Mwanafunzi akikosea gia, Twahiru alinyamaza ghafla, na hapo mwanafunzi alijua kwamba gari limezimika.

Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo. Petroli iliingia Bujumbura kwa chupa, kama dawa ya kikohozi, na watu wenye akili walikuwa wamerudia baiskeli. Twahiru akachagua wakati huo kufungua shule ya udereva.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha gari hata hatua moja, wala hakumficha mtu. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Miaka thelathini alipiga magoti kwenye magaraji, karibu na miguu ya madereva, na alijua miguu ile inafanya nini kuliko wenye miguu. Akafundisha alichokiona. Mabomu yakilia upande wa Kanyosha, wanafunzi wake waliangalia kwanza kioo, ndipo wakakimbia.

Mtu wa magari katika nyumba ile alikuwa kaka yake, Seifu. Nani Buyenzi hakulijua lori la Seifu, lililokwenda Dar es Salaam na kurudi? Likiingia mtaani, usukani alimwachia tanboi wake, msaidizi wa lori aliyeitwa Mawazo, mtu mzima mwenye mvi, na Seifu akatoa mkono dirishani kusalimia watu. Dereva mkubwa, alisema, hajichoshi na barabara za watoto. Vikwazo vilipokuja, lori lilibaki upande wa Tanzania, Mawazo akarudi kwao Uvira, na Seifu akakaa barazani na miwani yake ya jua akihadithia kona za milimani. Wanaume walimsikiliza mpaka adhana.

Sasa, Seifu ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba, na mkubwa ndiye husema ua utumike vipi. Akasema Ijumaa, watu wakitoka msikitini, wahunzi watakuja kuikata Peugeot watengeneze sufuria na mbabula, yale majiko ya makaa.

"Mudogo wangu," alimwambia mbele ya baraza zima, "mutu hajifunzi kuogelea mu karai."

Watu wakacheka. Twahiru pia alicheka kidogo, maana ilikuwa nzuri. Lakini lile gari lilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho watu walikiita cha Twahiru. Likiwa sufuria, litakuwa la kila mtu.

Tumaini lililobaki lilikuwa Consolée. Alikuwa muuguzi, na shirika moja la misaada, lenye petroli yake lenyewe, lilikuwa linatafuta madereva. Kila aliyetaka kazi alipimwa, hata awe mzoefu namna gani: kwenda Ruziba na kurudi. Zamu ya Consolée ilikuwa Alhamisi. Twahiru aliwaza kwamba akifaulu, huenda watu wa baraza wakamwombea gari lake.

Alhamisi Consolée akaenda Ruziba na kurudi. Alisimama vizuri kwenye kizuizi cha askari, akaondoka vizuri. Mpimaji alimkata alama moja tu, kwa kunguruma.

Akapata kazi. Kabla jua halijazama wanawake wanne walikuwa wamekuja kuandikisha majina kwa Twahiru. Seifu akasema neno la mkubwa halirudi nyuma, na wahunzi watakuja.

Mama yao, Bi Fadhila, ndiye aliyefurahi mpaka akapitiliza. Ijumaa asubuhi alijifunga mtandio, akaenda kwa miguu mpaka kwenye ofisi ya shirika, akaandikisha jina la Seifu. Kama muuguzi aliyefundishwa kwa mdomo amepata, alisema, itakuwaje kwa mwanaume anayeijua njia ya Dar macho yakiwa yamefungwa? Jaribio lake lilikuwa Jumatatu. Bi Fadhila alilitangazia baraza zima, na baraza likampongeza Seifu.

Seifu akasema Alhamdulillahi. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Baada ya sala wahunzi wakaja na nyundo na misumeno. Walimkuta Twahiru ameketi ndani ya gari, vioo amepandisha. Wakimkata nalo, wamkate. Seifu aliingia nyuma yao, akalitazama gari kwa muda mrefu, kisha akawaambia wahunzi warudi wiki nyingine, leo ni siku ya ibada. Wakaondoka wakinung'unika kwamba hiyo siku ya ibada ilijulikana tangu jana.

Seifu akafunga lango, akatia komeo. Akachungulia chumba cha mama yake, akamkuta amelala. Ndipo akafungua mlango wa upande wa dereva, akaingia, akashika usukani kwa mikono miwili.

Twahiru akaelewa kwamba kaka yake amekuja kumpima, na afadhali kupimwa kuliko kukatwa. Akakohoa. Akaanza kunguruma polepole, kama injini ya asubuhi, halafu akakatisha ili aweze kusema.

"Haya, kaka. Kanyaga klachi."

Seifu alitazama lango, halafu akainama kutazama pedali chini ya usukani.

"Kati ya hizi tatu," akauliza kwa sauti ya chini, "ni gani?"