Jina la Kifungua Mimba

Phyllis aliandika tena, na kompyuta ikamkataa tena. Kilichomtisha ni kwamba kila alipobonyeza herufi, pale pa neno la siri hapakuonekana kitu. Alihisi anamwita mtu katika nyumba isiyo na mtu.

"Kompyuta ya Linux ndivyo ilivyo, Mama," Nelvine, binti yake, akasema. "Inaficha. Umejaribu jina langu kwa herufi ndogo?"

"Ndogo, halafu kubwa. Imekataa zote."

Nje, Ondieki wa kiwanda cha majani chai alikuwa amewasha pikapu. "Mama Nelvine, mnisamehe," aliita. "Hiyo kompyuta ni ya ofisi, na wakubwa wamesema niichukue, ifutwe leo leo."

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na sauti ya mumewe, marehemu Kimeli. Tangu kiwanda kilipomletea mashine hiyo ya kazi, mwaka wa tisini na nane, alijifundisha pole pole: leo kuandika barua ya kanisa, kesho kurekodi sauti yake akisoma somo la Jumapili. Sasa nyumba yao ya Silibwet ilikuwa kimya, na Phyllis alianza kusahau mumewe alivyokuwa akisema "Piplia" badala ya Biblia, huku Nelvine akimcheka. Kuisahau sauti ile kulimwogopesha kuliko kifo chenyewe.

Hospitalini Kimeli alimwambia hivi tu: "Neno la siri ni jina la kifungua mimba wetu."

"Basi tujaribu lile la mababu," Nelvine akasema.

Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa wanawake humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na linalomfanya apige chafya ndilo lake. Nelvine alipiga chafya alipotajiwa Taprandich.

Phyllis akaandika taprandich. Ikakataa.

Ondieki akapiga honi. Phyllis akashika kichwa kwa mikono miwili. Alimkasirikia Kimeli, mtu yule aliyejua kunyamaza kupita kiasi. Kulikuwa na msiba mmoja wa ujana wao ambao hakuutaja hata siku moja. Asubuhi yake alibeba kikapu akaenda kuchuma majani chai kama kawaida, na tangu siku hiyo Phyllis aliamini kwamba mumewe amesahau. Uchungu huo alikuwa ameolewa nao miaka yote.

Ghafla akairudisha mikono kwenye kibodi. Akaacha pale pa neno la siri patupu, akabonyeza kitufe cha Enter.

Kompyuta ikafunguka.

Nelvine akaruka kutoka kitini. "Mama! Lakini hujaandika kitu!"

"Nimeandika jina la kakako," Phyllis akasema, machozi yakimdondoka. "Alikufa kabla hajapiga chafya."