Filimbi ya Fundi Magodoro

Miaka nenda miaka rudi, mke wa fundi magodoro alilalamika kwamba kifua cha mumewe kinapiga filimbi, hakimpi usingizi.

Leo pumu ilimbana fundi karakanani. Mkewe alipomfikisha hospitali, filimbi ikanyamaza.

"Afadhali, ametulia," mkewe akashusha pumzi.

"Hajatulia, mama. Hewa haipiti kabisa!" Muuguzi akamvika fundi barakoa ya dawa.

Mke akanywea. Unyuzi wa pamba ulikuwa umenasa kwenye nyusi ya mumewe. Akautazama tu, kana kwamba akiugusa, mumewe naye atapeperuka.

Kisha, kwa mbali, kifuani: fiii.

"Hewa hiyo, imeanza kupita," muuguzi akasema.

Mke akasogeza sikio kifuani.

"Piga, baba," akanong'ona. "Leo ukinyamaza, tutagombana."